Shangazi wa Mpakani Anajibu: Bango, Rangi na Nondo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msusi hapa Tunduma, kibanda changu kinatazama foleni ya malori. Wasusi tumejaa, na mabango yetu yote yanasema "Tunasuka". Dereva mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka kanishauri niandike neno la Kizungu ambalo mwenzangu yeyote hana: "pleach". Eti ndiyo kusuka. Rangi nimeshanunua. Niandike?*

Marahaba, mwanangu. Hiyo rangi paka mlango.

Dereva hakukudanganya, ila kakupa nusu. "Pleach" ni kusuka kweli, lakini kinachosukwa ni matawi. Mtunza bustani wa Uingereza huyainamisha yangali mabichi, akayapishanisha hili juu ya lile mpaka yakawa uzio. Shakespeare, katika Much Ado About Nothing, ana kibanda cha bustani kilichosukwa namna hiyo. Na katika Antony and Cleopatra neno hilohilo kalipeleka kwenye mikono ya mtu aliyeikunja. Kwa nywele, Waingereza wenyewe husema "plait" na Wamarekani "braid". Wachache mno wanaikumbuka hiyo ya kwako.

Sasa mteja avuke kutoka Nakonde, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, alisome bango lako. Akilijua neno, atauliza michongoma iko wapi. Asipolijua, ataingia kwa jirani yako. Na hao wavukaji wengi ni Wanyamwanga kama wa upande huu. Kiswahili cha kuulizia bei wanacho.

Ukitaka kuwapiku wenzako, andika mitindo. Mama aliyepata msiba hatafuti kitenzi, anatafuta twende kilioni, tena ya chapuchapu, maana basi la Vwawa halingoji waombolezaji. Bibi harusi anataka rasta nyembamba. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, andika: TUNAFUMUA. Kusuka kila mtu anadai anajua. Kufumua rasta za miezi mitatu bila kuondoka na nywele za mwenyewe, hiyo ndiyo kazi, na ndiyo inayonifanya mimi nivae kilemba.

*Shangazi, mume wangu ni fundi. Juzi karudi saa nne usiku, namuuliza alikuwa wapi, ananijibu, "Nilikuwa nasuka." Nikamuuliza, unamsuka nani? Akacheka. Tangu hapo sijalala. Mimi mkewe, Vwawa.*

Ungemuuliza anasuka nini, mwanangu. Fundi wa ujenzi husuka nondo kabla zege halijamwagwa, wa umeme husuka mota iliyoungua. Mfugaji naye husuka maziwa apate siagi, na kocha husuka kikosi, japo mwaka huu wengine ni heri wangesuka mikeka.

Mtazame viganja. Aliyeshinda kwenye nondo hurudi na kutu na mikwaruzo ya waya. Akirudi ananukia mafuta ya nywele, niandikie tena, na unitajie kibanda chenyewe. Nina rangi ya bango imebaki.