Ndege Wenye Akili Wako Kivulini

Mtu wa Tanga ukimwambia kwamba Ulaya kuna joto, hakubishii. Anakucheka kwa adabu, halafu anabadilisha mazungumzo. Ndivyo alivyofanya mjomba wangu nilipompigia simu kumwonya kabla hajaja kunitembelea Sevilla mwezi Julai. "Mjomba," akaniambia, "mimi nimepakua mizigo bandarini huku nimefunga. Mimi na jua tunajuana." Akaja na sweta mbili na koti.

Joto la Tanga lina unyevu. Unatoka jasho, unajua kwamba unaungua, unatafuta mwembe. La Andalucía, jimbo lenye Sevilla, ni kavu, na lina hila. Jasho linakauka kabla halijafika kwenye nyusi, unajiona uko salama, mpaka ukivua shati unakuta limechorwa ramani za chumvi mgongoni. Mji wa Écija, ulio njiani kati ya Sevilla na Córdoba, wenyeji wenyewe wanauita kikaango cha Andalucía, na wanalitamka jina hilo kwa fahari. Tarehe 14 Agosti 2021 kipimajoto cha La Rambla, mkoani Córdoba, kilifika nyuzi 47.6, rekodi ya Hispania nzima. Wenye nyumba hushusha vifuniko vya madirisha asubuhi mapema wakalala mchana gizani. Mbwa huhamia chini ya magari. Anayebaki nje ni mpiga picha wa ndege.

Kila mjuzi wa ndege atakuambia uje Aprili: mabwawa yamejaa, maua yamechanua, ndege wanaimba. Ni kweli tupu. Lakini likizo hutolewa na bosi, haitolewi na mabwawa. Na kiangazi nacho kina mambo mawili ambayo Aprili haina, yaani makinda ya heroe kule Fuente de Piedra, na safari ya ndege kurudi Afrika kupitia Tarifa. Hayo ndiyo niliyokuwa nimemwahidi mjomba, pamoja na chakula kizuri.

Tukaanza kugombana na saa. Hispania iko karibu kwenye mstari mmoja na London, lakini tangu 1940 inafuata saa za Berlin, na kiangazi inaongeza saa moja nyingine juu yake. Kwa hiyo jua la Julai hapa Sevilla huchomoza saa moja asubuhi ikiwa imepita, hufika utosini karibu saa nane na nusu mchana, na huzama saa nne kasorobo usiku.

"Maghrib saa nne kasorobo?" mjomba akauliza. "Na Isha nisali kesho?"

Akawa anasimama dirishani na simu mkononi, anaitazama ratiba ya swala, analitazama jua, anasonya. Nilimwelewa. Hata wapiga picha huumizwa na hesabu hiyo. Unatoka saa kumi na moja jioni ukidhani jua limepoa, unalikuta ndiyo kwanza limekolea.

Siku ya Fuente de Piedra tuliondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri. Mpango ulikuwa tufike ziwani na mwanga wa kwanza, maana kwenye joto lile kazi ya lenzi ndefu ni ya asubuhi tu. Mpango ulikuwa mzuri mpaka tulipoingia kwenye mizeituni.

"Simamisha gari!" mjomba akapiga kelele. "Huyo si hudihudi?"

Alikuwa yeye. Ametua kwenye udongo mkavu chini ya mzeituni, kishungi kinafunguka na kujifunga, mdomo mrefu uliopinda unachokonoa ardhi. Akavuta kiwavi, akaruka nacho hadi kwenye tundu la shina la mzeituni mkongwe, akatoka mdomo mtupu.

"Wa Nabii Suleiman?"

"Wa ukoo huo huo, mjomba. Lakini tusimsogelee, ana makinda mle."

"Nampa salamu tu." Na mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo nilikuwa nimeanza kumweleza mjomba naye hakungoja nimalize. Hudihudi ni ndege wa heshima kwenye vitabu, ila nyumbani kwake hakuvumiliki. Mama anapoatamia hutoa mafuta kwenye tezi iliyo juu ya mkia, yananuka nyama iliyooza, akajipaka yeye na mayai, na makinda nayo huja na mafuta yao. Adui akileta pua tundu linamrudisha kwa harufu. Asiporudi, makinda yana silaha ya pili: hugeuza migongo, huinua mikia, hulenga, na hurusha kinyesi. Hulenga vizuri sana.

Mjomba aliinama, akaweka uso karibu na tundu, akasema, "Assalamu..."

Hakuimaliza.

Maji ya kunywa ya siku nzima yaliishia usoni kwake na kwenye shati. Kofia yake ya kiua, aliyoshonewa kwa mkono Pangani, tuliitia kwenye mfuko wa plastiki tukaufunga mafundo. Na kwa kuwa huwezi kumtembeza mzee kichwa wazi kwenye jua la Andalucía, nikapekua buti la gari na kupata kofia pana ya ukili aliyoisahau mama mwenye nyumba wangu, ina maua ya alizeti ya kitambaa kuizunguka pande zote. Mjomba akaitazama kwa muda mrefu. Akaivaa.

Tulifika ziwani saa nne ikiwa imegonga. Fuente de Piedra ni ziwa la chumvi, na ndilo lenye koloni kubwa kuliko yote ya heroe katika rasi nzima ya Iberia. Julai huwa limekauka sehemu kubwa. Mbele yetu palikuwa na uwanja mweupe unaoumiza macho, na mbali kabisa mstari wa waridi unaocheza. Huo mstari ndio heroe. Unacheza kwa sababu ardhi imechemka: hewa ya moto inapanda, ya baridi kidogo inashuka, na mwanga unapopita katikati yake unapindwa huku na huku. Mazigazi tuliyoyaona utotoni kwenye lami ndiyo hayo hayo. Lenzi ndefu haiyaondoi, inayakuza. Unaweza kununua lenzi ya bei ya kiwanja cha nyumba, ukapiga heroe wa mita mia nane saa nne asubuhi, ukapata waridi iliyofutwafutwa na kidole. Dawa ni kuwa karibu au kuwahi, na sisi tulikuwa mbali na tumechelewa.

Nikapiga hivyo hivyo. Miguu ya chuma ya stendi ilikuwa haishikiki bila leso. Baada ya muda kamera ikaonyesha alama ya kipimajoto chekundu, ikajizima. Nikaona aibu kwamba pale kandokando ya ziwa kitu chenye busara kilikuwa mashine.

"Hawa wanakula nini hapa?" mjomba akauliza kutoka chini ya alizeti zake. "Pamekauka."

Nikamweleza kwamba ziwa likikauka heroe wazazi hufuata chakula mbali sana, wengine mpaka mabwawa ya Doñana, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, kisha hurudi kulisha makinda.

"Doñana si karibu na kwako Sevilla?"

"Karibu, mjomba."

"Kwa hiyo chakula kiko kule tulikotoka."

"Ndiyo."

"Na wao wanasafiri mchana?"

"Usiku zaidi."

Hakusema kitu. Akarekebisha kofia.

Wakati wa kurudi tulipumzika chini ya mnara wa kanisa la kijiji ambapo korongo walikuwa wamejenga. Andalucía korongo hujenga popote palipo juu: minara, nguzo za umeme, mabomba ya moshi ya viwanda vya zamani. Mjomba akauliza kwa nini miguu yao, ambayo vitabuni ni myekundu, ilikuwa imepakwa chokaa. Nikajibu kwa uangalifu. Korongo akizidiwa na joto hujinyea miguuni, kinyesi chake ni cha majimaji, kinapokauka kinampoza damu inayopita kwenye ngozi.

Mjomba akafikiri. "Ni akili," akasema. "Lakini mimi leo zamu yangu nimeshamaliza."

Tarifa ilikuwa safari nyingine, mwishoni mwa mwezi. Pale Hispania inaishia na Moroko iko ng'ambo, kilomita 14 tu za maji, milima yake unaiona bila darubini. Kwa ndege wadogo hizo si kitu. Korongo na mwewe ni wazito, hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini iwabebe, na juu ya bahari hewa hiyo haipo. Kwa hiyo hujizungusha juu ya vilima vya Tarifa wakipanda na kupanda, kisha hunyoosha mbawa na kuteleza kuelekea Afrika wakiomba Mungu wasiishiwe kimo katikati. Ukivuma upepo wa mashariki, ule wenyeji wanaouita levante, safari inaahirishwa. Mwewe hukaa mashambani kwa mamia, wamegeuza vichwa upande mmoja, kama majahazi yanayongoja kusi.

Tulipofika levante ilikuwa inavuma. Ilichukua kitambaa cha kufutia lenzi, ikachukua kifuniko cha lenzi, ikaangusha stendi, ikatujaza mchanga kwenye meno. Kofia ya alizeti mjomba aliifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu. Tukakaa juu ya jiwe linalotazama bahari, mimi na lenzi yangu ndefu, yeye na darubini, Waafrika wawili wanaochunguza mlango wa bahari saa nzima bila kusema.

Gari la doria likasimama nyuma yetu. Wakashuka askari wawili, vijana, wenye adabu.

"Mnamngoja nani?"

"Hatungoji mtu," nikasema. "Tunangoja mwewe na korongo wavuke kwenda Afrika."

"Kwenda?"

"Kwenda."

Akatazama bahari, akatazama kamera, akaitazama ile kofia. "Hapa tumezoea wanaokuja."

Mjomba akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha ya plastiki yenye pasipoti na tiketi, akaiinua juu kwenye upepo. "Mwambie mimi mwenyewe ni wa kwenda. Tarehe imeandikwa hapo, aisome."

Yule askari aliisoma kweli, akacheka, akaomba darubini. Upepo ulipotulia kidogo mwewe wakaanza kupanda, kumi, hamsini, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu askari alikuwa amening'ang'ania darubini na mwenzake anamwita garini hamsikii.

"Hawa watafika Tanga?" mjomba akaniuliza, korongo walipotokea.

"Hapana, mjomba. Hawa wa upande huu huishia Sahel, Mali na Chad huko. Wanaofika kwetu huzungukia Uturuki na bonde la Nile."

"Basi hakuna wa kumtuma." Akawatazama mpaka wakawa vumbi. "Na wale tuliowaona jalalani njiani, mbona hawaondoki?"

Swali zuri. Korongo wengi wa Hispania siku hizi hawavuki tena. Wamegundua madampo, chakula kipo mwaka mzima, majira ya baridi yakija wanabaki.

"Hao wamepata makaratasi," mjomba akasema.

Kesho yake alfajiri, kwenye mashamba ya La Janda, karibu na hapo, nilipata picha niliyokuwa naitafuta tangu nianze wazimu huu. Hapakuwa na upepo, ardhi ilikuwa haijachemka, na keremkerem alikuwa kwenye waya wa uzio hatua chache kutoka dirisha la gari. Koo la manjano, mgongo wa rangi ya kahawia iliyoiva, kifua cha samawati ambayo hata kitenge hakina. Mdomoni alikuwa na nyuki. Akambamiza kichwa kwenye waya, kushoto, kulia. Akamgeuza kwa ufundi, akashika upande wa kichwa na kuusugua mkia wa nyuki kwenye waya mpaka sumu ikatoka. Akamrusha juu kidogo. Nikabonyeza nyuki akiwa hewani, mbawa zake zinaonekana, mishipa ya mbawa inaonekana.

Usiku ule nikaituma kwenye kundi la familia. Nilieleza kila kitu: keremkerem, nyuki, miezi ya kusubiri, na kwamba keremkerem hawa wa Hispania huenda Afrika Magharibi, wale wanaopita kwetu hutoka mashariki zaidi. Nikaweka simu chini kwa kuridhika.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama: "Huyo nyuma ni nani?"

Nikaikuza picha. Nyuma ya keremkerem, kwa ukungu wa lenzi lakini anatambulika vizuri kabisa, alikuwa mjomba anachuma zabibu mwitu kwenye kichaka, alizeti zote zinang'aa.

"Ni kaka," akaandika mama mdogo. "Kavaa nini?"

"Kofia ya harusi?"

"Mjomba ameoa huko?"

"Mbona amekonda? Hapewi chakula?"

"Na ile ya kiua aliyoshonewa Pangani iko wapi? Bibi anauliza."

Nikaandika kwamba jamani, mtazameni ndege. Hakuna aliyejibu. Mjomba alikuwa sebuleni mbele ya feni, miguu kwenye beseni la maji, sweta zote mbili bado zimekunjwa kwenye begi. Akachukua simu yake, akavaa miwani, akasoma ujumbe wote kuanzia juu mpaka chini, akaandika kwa kidole kimoja: "Ya Pangani inafuliwa. Hii nimenunua, narudi nayo."

Kisha akanigeukia. "Mjomba, hebu muulize mama mwenye nyumba anaiuza kiasi gani."