Mchumba Hachunguzwi

Wahenga waliosema mchumba hachunguzwi hawakuwahi kuposwa na bwana mwenye jumba la mababu huko Uingereza.

Mchukue Rochester, katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847). Anamposa mwalimu wa nyumbani huku mke wake wa ndoa amefungiwa orofa ya juu. Kicheko cha ajabu kikisikika usiku, lawama anatwishwa mtumishi. Siri inafichuka kanisani, kasisi akiwa tayari kuwafungisha ndoa. Muungwana hapendi kumchosha mchumba kwa habari za mapema.

Maxim de Winter wa Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier (1938), ana haya zaidi. Anasubiri waoane, wahamie jumba lake la Manderley na maiti igunduliwe baharini, ndipo amwambie bibi harusi kwamba aliyemuua mke wa kwanza ni yeye. Naye bibi harusi anashusha pumzi: kumbe hakumpenda marehemu!

Hata Horace Walpole, aliyeuanzisha mtindo huu wa riwaya za majumba ya kutisha mwaka 1764, alitutahadharisha. Katika riwaya yake, bwana harusi anapondwa na kofia kubwa ya chuma, na baba mtu, mwenye mke wake hai, anajitolea kumwoa bibi harusi. Aibu ya familia lazima isitiriwe.

Basi, binti, ukiposwa na mwenye jumba la namna hiyo, mahari ingoje. Dai kwanza funguo za vyumba vyote. Akisita, umeshajibiwa. Akikupa, anza na orofa ya juu.