Mgeni Njoo, Kichanga Apone: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Fedha wa Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri, Dodoma, Nairobi na Kampala,

Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliazimia kwamba kila nchi mwanachama itenge walau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa ajili ya utafiti. Kenya ikaona hiyo haitoshi, na sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 ikaunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuuandikia asilimia 2. Tangu hapo hakuna hata Hazina moja kati ya zenu iliyokurupuka kuvifikia viwango hivyo, na utulivu wa namna hiyo unastahili kusifiwa hadharani. Si kwamba hamkujiandaa. Tanzania ina tume yake ya sayansi, COSTECH, Kenya ina yake, NACOSTI, Uganda ina Baraza lake la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na vibali vya utafiti hutolewa kotekote. Kibali cha kutafiti, basi, tunacho. Pesa ya kutafitia ndiyo tuliyowaachia wageni, na ninaandika kuwashukuru kwa uamuzi huo katika eneo moja tu, afya ya mama na mtoto, maana huko ndiko matunda yake yameiva zaidi.

Mchukueni mhadhiri wa Muhimbili au Makerere anayejiuliza kama zamu ya usiku yenye mkunga mmoja ndiyo inayomaliza vichanga wodini. Swali lake haliendi popote kabla hajaangalia wafadhili wa ng'ambo wametangaza nini mwaka huu. Tangazo likisema akili mnemba, mkunga wa usiku itabidi atafutiwe akili mnemba. Likisema mabadiliko ya tabianchi, kichanga itabidi afe kwa joto. Andiko lenyewe ni la Kiingereza kuanzia muhtasari hadi bajeti, ingawa mkunga, mama na kichanga wote wanaishi katika lugha nyingine. Akiomba kwa serikali ya Marekani, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa na mfuko mnene kuliko wote duniani katika utafiti wa afya, chuo chake hujisajili kwanza katika daftari la wote wanaopokea fedha za serikali hiyo, na chuo cha nje ya Marekani hakisajiliwi bila namba iitwayo NCAGE. Herufi ya kwanza hapo ni ya NATO. Nchi ambazo kwa miongo zilijitapa kutofungamana na upande wowote zimeishia kuomba namba ya jumuiya ya kijeshi ili ziruhusiwe kuchunguza kitovu cha mtoto.

Akishinda, huja hesabu ya gharama za uendeshaji: umeme, mhasibu, mlinzi, jokofu la sampuli. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH, zimekuwa zikivipa vyuo vya nje asilimia 8 kwa mambo hayo. Februari 2025 zilipotangaza kwamba vyuo vya Marekani vyenyewe, ambavyo baadhi vilizoea zaidi ya 60, sasa vitapewa 15, vyuo hivyo vilikimbilia mahakamani kueleza kwamba kwa asilimia 15 maabara zitafungwa na wagonjwa wataumia. Mahakama ikauzuia uamuzi huo. Hoja yao ilikuwa ya kweli kabisa, na vyuo vyetu vilivyoishi na 8 vilikuwa vimeshaithibitisha kwa vitendo. Tofauti ni kwamba wenzetu walikuwa na serikali ya kuidai. Pengo kati ya 8 na gharama halisi lilipaswa kuzibwa na ninyi, Waheshimiwa, lakini mmeliacha lizibwe na mhadhiri mwenyewe, kwa muda wake wa kufundisha na jokofu lisilotengenezwa.

Mtaniambia: mbona kazi nzuri imefanyika hivyohivyo? Imefanyika, na sitaki kumnyima mgeni haki yake. Jaribio lililoitwa FEAST liliwaandikisha watoto zaidi ya 3,100 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, wote wana homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Kanuni iliyozoeleka, iliyotoka kwenye nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, ilisema mtoto wa aina hiyo apewe maji mengi ya dripu haraka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliopewa maji hayo haraka, kati ya asilimia 10 na 11 walikufa ndani ya saa 48, wasiopewa, asilimia 7.3. Jaribio liligharamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Tafakarini hapo kidogo. Kanuni ya watu wasiojua wodi zetu ilikuwa inawaua watoto kwa nia njema, na hata siku ya kuligundua hilo tulihitaji pesa ya nje. Laiti mlipa kodi wa London angekuwa na shughuli nyingine mwaka ule, dripu zingeweza kufunguliwa katika hospitali za Kilifi na Teule kwa kasi ileile, na hakuna kifo ambacho kingeandikwa kwamba kimeletwa na tiba.

Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa mwaka 2023, linauma kwa namna nyingine. Lilihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na katika zile zilizopangiwa utaratibu mpya mkunga aliweka chini ya mzazi shuka ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikizidi kiwango tiba zote zikatolewa kwa mpigo bila kusubiriana. Kutokwa damu kupindukia, upasuaji wa kuizuia au kifo kwa sababu yake vilipungua kwa asilimia 60. Kazi iliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kulipiwa na mfuko wa Gates. Dawa zilizotumika zilikuwa zimeshazoeleka, na plastiki tunaijua. Hakuna kitu katika orodha ile ambacho Hazina zenu zisingeweza kukinunua. Kilichohitaji mfadhili ni kulijaribu swali lenyewe. Wapo wanaosema sayansi haina mipaka, jibu la Birmingham linafaa Bukoba. Huenda likafaa, ila FEAST imetufundisha kwamba lazima mtu alijaribu Bukoba kwanza, na mtu huyo anahitaji mshahara.

Najua pia mnayo hoja ya takwimu. Tanzania, na ina haki ya kujivunia, inatangaza kwamba vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ripoti hiyohiyo inasema vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, na vya vichanga katika mwezi wao wa kwanza kutoka 25 hadi 24. Watoto wakubwa kidogo wameokolewa na vitu vinavyojulikana, chanjo na vyandarua. Kichanga anangojea majibu ya mambo yanayotokea ndani ya wodi zetu, yale ambayo hayajapata tangazo la mfadhili. Na hata namba hizo zilipatikana kwa msaada wa kitaalamu wa programu ya tafiti za idadi ya watu na afya, DHS, iliyobebwa na Marekani tangu 1984 na kusimamishwa Februari 2025. Mei mwaka huohuo NIH zikasitisha ruzuku mpya zenye fungu la vyuo vya nje mpaka utaratibu mwingine uandaliwe. Kwa hiyo ufanisi unaotangazwa majukwaani umepimwa kwa futi ya jirani, naye ameichukua.

Msaidizi wenu mmoja atasema mbele ya kamati ya Bunge kwamba hatuwezi kulipia maswali wakati wodi hazina glovu. Hoja hiyo ingenitisha kama wodi zingekuwa zimejaa glovu kutokana na pesa tuliyoiokoa kwa kutotafiti. Lakini akiba hiyo haijulikani ilikokwenda, na kutojua nako kuna bei: kila chupa ya dripu iliyomdhuru mtoto kabla ya 2011 ilinunuliwa. Hoja nzito zaidi ni ile ambayo watafiti huisema kwa sauti ya chini, kwamba pesa ya mgeni, pamoja na namba zake za NATO, haimwogopi waziri. Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kuchapisha takwimu za kupingana na za serikali kuligeuzwa kosa, mpaka kipengele hicho kilipoondolewa mwaka uliofuata. Ni nani atapokea ruzuku ya Hazina kuhesabu vifo katika hospitali ya Hazina? Hilo sina namna ya kulifanyia kejeli. Linajibiwa kwa kuiweka pesa katika mfuko wenye bodi yake, wenye wasomaji wa maandiko wasiojulikana kwa waombaji, na wenye sheria inayosema matokeo yatachapishwa hata yakiwa machungu. Mifuko tunayo, Kenya wa kisheria na Tanzania MTUSATE chini ya COSTECH. Imekosa pesa tu.

Naambatanisha basi ombi langu, kwa muundo ambao watafiti wetu wameuzoea. Mwombaji: wodi za wazazi za nchi tatu. Kiasi: kile mlichokwishaahidi. Gharama za uendeshaji: mtupangie ninyi, mradi zizidi 8. Lugha: Kiswahili kikubaliwe. Muda: kuanzia bajeti ya Juni. Baadhi ya wafadhili wa ng'ambo, hata wanapomkataa mwombaji, humtumia maoni ya wasomaji na alama za kila kipengele. Nasi mkitukataa tena, tunaomba tupewe zetu kwa maandishi.

Wenu katika kulipa kodi.