Karibu, Ila Utaondoka Lini?

Nyumba za wageni za Mji wa Kale, jirani na Fort Jesus, Mombasa, hukukirimu kwa kahawa chungu na haluwa, kisha hukuomba kitambulisho, malipo kabla, na siku ya kuondoka. Usiudhike, mtaa huu umeona wageni. Wareno walianza kujenga ngome hiyo ya Fort Jesus mwaka 1593 bila kuuliza wenyeji kama kuna nafasi. Kuwatoa, ilibidi Waomani waizingire karibu miaka mitatu, 1696 hadi 1698. Waingereza nao, 1895, wakaigeuza gereza: malazi ya bure, mlango hufungwa kwa nje. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hapa hupewa bili. Inatosha, na haihitaji mizinga.