Mwimbaji wa Injili, Mwenza Wake na Barabara ya Mbeya

Huduma ya uimbaji wa Injili nchini Tanzania, yaani kazi ya kuzunguka makanisani na kwenye matamasha kwa mwaliko wa wachungaji, huelezwa kwa kawaida kwa kutaja sauti, albamu na mabango yenye picha ya mwimbaji aliyeinua mkono mmoja, ilhali sehemu kubwa ya huduma hiyo hufanyika ndani ya gari, na anayeshika usukani hayumo bangoni. Mtu huyo ni mwenza wa ndoa. Pale mwimbaji anapokuwa mke, mume ndiye dereva, meneja, mhasibu, fundi mitambo na mlinzi wa viatu vya kubadilishia, na ujira wake ni kutambulishwa mara moja kabla ya wimbo wa mwisho, ambapo huombwa asimame, apunge mkono, aketi.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 800 na ambayo ni sehemu ya barabara kuu iendayo Zambia, yafaa kuchunguzwa katika suala hili kwa kuwa hulipandisha gari kutoka joto la pwani hadi baridi ya Nyanda za Juu Kusini, na hupandisha hasira za abiria kwa utaratibu uleule. Safari hupangwa kuanza saa kumi alfajiri na huanza saa moja asubuhi. Gari, mara nyingi aina ya Noah, hubeba spika mbili, kinanda kilichoviringishwa blanketi, sare za waitikiaji, ambao ni waimbaji wa kiitikio wanaofuata kwa basi, pamoja na tairi la akiba, ambalo mume hulilaza chini ya vitu vyote kwa hoja kwamba ndicho kitu pekee kisichotarajiwa kuhitajika. Swali la kama pasi ilichomolewa kwenye umeme huulizwa gari likiwa limeshapita Kibaha, na halijawahi kupata jibu linalowaridhisha wote wawili.

Baada ya Morogoro barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo mwendo una ukomo, tena anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, jambo linalomfanya mume, kwa nafasi yake ya mhasibu, amtazame twiga kwa macho tofauti na ya mkewe. Mke huona kazi ya Muumba na kuomba gari lisimame apige picha. Kusimama huko huwanufaisha zaidi nyani, ambao wameishi na wasafiri muda mrefu kiasi cha kutambua mlio wa mfuko wa mkate, na ambao huondoka na kifungua kinywa cha watumishi wawili bila hata kusubiri kibarikiwe.

Tukio linalostahili maelezo marefu zaidi ni pancha, na mahali pake hasa ni Ruaha Mbuyuni, eneo la mibuyu, joto kali na vitunguu vinavyopangwa kandokando ya lami. Ili kulifikia tairi la akiba, mume hulazimika kushusha spika, kinanda na maiki zote na kuzipanga chini ya mti, na kwa wakazi wa barabarani mpangilio huo una maana moja tu: mkutano wa Injili unakaribia kuanza. Wauza vitunguu huacha biashara, watoto huketi mbele, mzee mmoja huletewa kigoda, na baada ya robo saa mtu huuliza kwa adabu kama mhubiri ndiye yule aliyelala chini ya gari. Mke, ambaye si rahisi kwake kuwaona watu wamekusanyika na asiimbe, huimba. Mume, akiwa na jeki isiyopanda na spana isiyoenea, huitikia "amina" kutoka uvunguni kwa sauti ambayo wanatheolojia wangetofautiana kuhusu chanzo chake. Wimbo wenyewe, kama inavyotokea mara nyingi katika nyakati za namna hii, unahusu uvumilivu, na una beti sita. Gari huondoka na tairi zima, kilo kadhaa za vitunguu vya shukrani na mkono mmoja wa mume ulioungua.

Mlima Kitonga hufuata, wenye kona kali na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu aendaye msibani, na kwa kuwa kuyapita pale ni hatari, wanandoa hupata muda wa mazungumzo. Hapo ndipo mume husema, "Mama watoto, ule ubeti wa tatu ungeupunguza kidogo." Kimya kinachozaliwa na kauli hiyo hudumu hadi Iringa, hupita Mafinga pamoja na baridi yake, na huvunjwa Makambako na simu ya mchungaji mwenyeji, ambayo hupokelewa kwa sauti mbili zenye upendo, "Bwana asifiwe, baba mchungaji, tunakaribia," ingawa Mbeya bado ni mwendo wa saa kadhaa.

Ibada yenyewe ina hatari moja tu ya kutajwa, nayo ni flashi, kifaa kidogo cha kuhifadhia muziki usio na sauti ya mwimbaji, ambacho mpwa wa nyumbani hukiazima bila taarifa na kukirudisha kikiwa na Bongo Fleva kwenye namba moja. Baada ya hapo huja kutunza, yaani waumini kumfuata mwimbaji na kumpa fedha akiwa anaimba, huku mume akiokota noti zilizoanguka kwa unyenyekevu na kasi.

Wasio na noti hutoa walicho nacho, na hivyo gari hurudi na gunia la viazi, mkungu wa ndizi za Tukuyu na jogoo aliye hai. Ni katika kugeuka kumtazama jogoo huyo, aliyepanda juu ya kinanda, ndipo mume hupita kwenye makazi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa na kunaswa na tochi, jina la mitaani la kifaa cha polisi cha kupimia mwendo. Trafiki huinama dirishani, humtambua mke, hufurahi, husema nyimbo zake zimemjenga sana, na huomba ubeti mmoja aurekodi kwenye simu. Mke huchagua ule wa tatu, wote, bila kupunguza neno. Mume huingiza besi. Trafiki hufuta macho, hushukuru, na hutoa karatasi ya faini ya Sh30,000, kiasi ambacho mhasibu hukiandika kwenye daftari la safari katika fungu la sadaka.