Mteja Anayenyonya Kidole

Tumsifu mteja bora kuliko wote: ana miaka mitano, hajui kusoma, haombi apunguziwe bei wala hadai risiti. Yeye hubonyeza tu. Mama akishaandika nywila ili mchezo wa bure uendelee, kazi yake imekwisha. Ya mtoto ndiyo inaanza.

Zamani kwenye simu za Apple, nywila hiyo moja iliacha duka wazi kwa dakika 15 nzima. Kila mbonyezo uliweza kuchota kuanzia senti 99 hadi karibu dola 100 kwenye kadi ya mzazi. Binti mmoja wa Marekani alitumia dola 2,600 katika mchezo wa Tap Pet Hotel, yaani hoteli ya wanyama wasiokuwepo. Wanyama hawajawahi kulala pazuri namna hiyo.

Januari 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana Apple ikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5. Septemba ya mwaka huohuo Google nayo ikakubali kutapika milioni 19. Maskini, hawakujua! Apple iliyokwisha kuunda simu ya kutambua kidole cha mwenyewe ilishindwa kung'amua kwamba mnunuzi bado anakinyonya chake.

Sasa wapo wanaotushauri tuwafundishe watoto thamani ya pesa. Ushauri mzuri, ila umechelewa. Mtoto anaijua vyema: ndiyo maana anatumia ya mama.