Abiria Saba wa Ufuoni

Wengi hudhani ufuo ni jalala. Sivyo. Ufuo ni stendi: kuna wanaoshuka, kuna wanaosubiri gari, na kuna waliolala kwenye benchi tangu maji ya bamvua yaliyopita. Hawa hapa saba, kuanzia mzembe hadi nguli.

7. Mfuko wa plastiki
Staa mstaafu. Zanzibar walimpiga marufuku 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Yupo bado, kajifukia mchangani. Ukimvuta sikio, sikio linabaki mkononi na yeye anabaki alipo. Usijisumbue: kusi ikichimba ufuo, atatoka mwenyewe.

6. Povu la maboksi
Mwepesi kama umbea. Maji humleta, upepo humpokea, na mwisho utamkuta chini ya mivinje. Ukimkamata, anageuka kuwa ishirini.

5. Kizibo
Umewahi kujiuliza mbona vizibo ni vingi kuliko chupa? Si kwamba kuna watu wanakunywa vizibo. Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji yenyewe. Inaelea kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani tu. Ifungue, maji yaingie, kwaheri, imezama. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine, nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kinaelea hata kikiwa mjane. Talaka inatolewa baharini, na sisi huku tunaletewa upande mmoja tu.

4. Wavu uliokatika
Hasafiri peke yake. Hubeba kamba, boya, kaa, na ndugu zake wote wa namba 5.

3. Pampasi ya masika
Mvua ikinyesha milima ya Pugu, Mto Msimbazi hauulizi mzigo ni wa nani. Unakusanya mtaa kwa mtaa na kushusha vyote baharini, karibu na Daraja la Salenda. Upanga wanailaumu Jangwani, Jangwani wanalaumu walio juu yao, na walio juu kabisa wanailaumu mvua.

2. Chupa ya Indonesia
Huyu ameingia bila viza. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi, na tawi lake moja linapanda kaskazini kupitia pwani ya Tanzania hadi Kenya. Utamtambua kwa lebo, na kwa vijidudu vya magamba vilivyojibandika mwilini, maana kakaa majini muda mrefu. Njia hiyo si hadithi: mwaka 2016, kipande cha bawa la ndege ya Malaysia iliyopotea Machi 2014 kiliokotwa Pemba. Hapo utani unasimama kidogo.

Lakini tusijifiche nyuma ya mgeni. Kwenye fuo za mijini, soma lebo: nyingi ni za duka la hapo kona.

1. Ndala
Moja. Daima moja. Ya kushoto na ya kulia zimepinda kinyume, kwa hiyo upepo na maji huzisukuma tofauti; zikianguka pamoja, zinaweza kushukia fuo mbalimbali. Mwaka 1990 meli ilimwaga viatu vya Nike kama 61,000 katika Pasifiki, na wataalamu wakajifunza mikondo kwa kufuatilia vilikotua. Lamu wao walichoka kuhesabu: wakaokota plastiki, wakajenga jahazi, wakalivika ndala kama 30,000, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Kunduchi yuko mzee mvuvi anayevaa mbili zote za kushoto, moja ya bluu, moja ya kijani.

"Shikamoo babu. Mbona zote za kushoto?"

"Marahaba. Za kulia zinashukia Bagamoyo, mwanangu. Nauli sina."